Bega Lisilokaa: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Upasuaji wa Bega Linalotoka Mara kwa Mara

Barua za safari hii zimefanana kiasi cha kushangaza: bega linatoka, linarudishwa, linatoka tena. Tumechagua nane, tukazifupisha, tukazipeleka kwa daktari wa upasuaji wa mifupa na mtaalamu wa fiziotherapia. Majina tumeyaacha.

SWALI: Daktari, salamu. Nina miaka 23, nafanya kazi ya mjengo Kasarani. Bega la kulia lilitoka mara ya kwanza nikicheza mpira, likarudishwa hospitalini, nikavaa slingi wiki mbili. Tangu hapo limetoka mara sita. Juzi lilitoka nikivua sweta tu. Kuna mzee mtaani hulirudisha: anaweka kisigino kwapani, anavuta, namlipa mia tano, narudi kazini. Kweli kuna haja ya kisu?

Ndugu yetu, bega linalotoka mtu akivua sweta limekwisha kujibu. Acha tu tukueleze kilichoharibika, maana ndicho kinachotengenezwa kwa kisu.

Chukua kisahani cha kikombe cha chai, ukisimamishe wima, kisha uegemeze chungwa juu yake. Chungwa ni kichwa cha mfupa wa mkono. Kisahani ni ule uso mdogo wa kombe la bega unaokipokea. Kinachozuia chungwa lisiteleze ni mdomo wa gegedu ulioganda kuzunguka kisahani, kano zilizoshikana na mdomo huo, na misuli inayolivuta chungwa ndani. Siku ile ya mpira chungwa lilitoka kwa mbele na chini, likabandua mdomo pamoja na kano zake. Daktari Mwingereza aliyeitwa Bankart alilieleza jeraha hilo mwaka 1923, na hadi leo linaitwa kwa jina lake. Papo hapo sehemu ya nyuma ya chungwa ilijigonga kwenye ukingo wa kisahani ikabonyea. Bonde hilo linaitwa Hill-Sachs, kwa majina ya madaktari wawili wa Marekani walioliandika mwaka 1940. Katika umri wako mdomo uliobanduka aghalabu hauponi mahali pake. Huteremka ukashikana na shingo ya kombe, ndani zaidi, ambako hauzuii chochote.

Ubaya unaanzia hapo. Kila bega likitoka na kurudi, linapita juu ya ukingo ule ule, na ukingo unalika kama kizingiti kinachokanyagwa kila siku. Mara ya kwanza ulihitaji kuanguka. Sasa sweta inatosha. Mazoezi ya misuli ni mazuri na utayafanya hata baada ya upasuaji, lakini msuli haurudishi mdomo uliobanduka wala mfupa uliolika. Kwa hiyo ndiyo, nenda ukaonwe na daktari wa mifupa, na usingoje litoke tena.

Kuhusu mzee: kisigino kwapani ni njia kongwe, imo katika maandishi ya Hippocrates wa Ugiriki ya kale. (Maandishi hayo hayo yanaelekeza kuchoma kwapa kwa chuma cha moto ili kovu lilikaze bega sugu. Nawe unalalamikia kisu!) Shida ya mzee ni kwamba anavuta bila kujua kama kuna mfupa uliopasuka, na bila kupima neva inayozunguka shingo ya mfupa wa mkono. Likitoka ukiwa mbali na hospitali, na eksirei ulizopigwa awali zimeonyesha hakuna kilichovunjika, kuna njia ya upole zaidi. Keti chini, kunja goti la upande wa bega lililotoka, likumbatie kwa mikono miwili, vidole vimefumbatana mbele ya goti. Nyoosha viwiko, kisha uache kichwa na mgongo viegemee nyuma polepole, bila kukaza misuli, ukisukuma mabega mbele. Uzito wako mwenyewe ndio unaovuta. Mtu asiuzungushe mkono wako. Ukihisi ganzi ubavuni mwa bega, pale askari wanapobandika beji, vidole vikiwa baridi, au kama ulianguka vibaya, nenda hospitali moja kwa moja, na usile njiani kwa sababu huenda ukapewa dawa ya usingizi.

SWALI: Hujambo Daktari. Kijana wangu ana miaka 19, anacheza raga katika klabu moja hapa Nairobi. Bega la kushoto limetoka mara nne katika misimu miwili. Daktari wa kwanza anataka kutoboa vitundu na kushona kwa kamera. Wa pili anasema akate mfupa mbele ya bega, auhamishe na kuufunga kwa skrubu. Ni nani anatudanganya? Mama wa mchezaji, Lang'ata.

Mama, hakuna anayekudanganya. Ni operesheni mbili kwa majeraha mawili ambayo kwa nje yanafanana. Kinachoamua ni mfupa: ukingo wa mbele wa kisahani umebaki kiasi gani, na bonde la nyuma ya kichwa lina ukubwa gani.

Kuna hesabu fupi waliyoichapisha madaktari Balg na Boileau mwaka 2007, ambayo mnaweza kuifanya hata mezani nyumbani. Umri wa miaka 20 au chini siku ya upasuaji, pointi 2. Michezo ya mashindano, 2. Mchezo wa kugongana, au wa kurusha mkono juu kwa nguvu, 1. Bega lililolegea kwa maumbile, 1. Bonde la Hill-Sachs likionekana kwenye eksirei ya mbele mkono ukiwa umegeuzwa nje, 2. Ukingo wa chini wa kisahani ukiwa umepoteza umbo lake kwenye eksirei, 2. Jumla ni 10. Kijana wako ana 5 kabla hata picha haijasomwa. Waliokuwa na 6 au chini, takriban mmoja kati ya kumi alitokwa na bega tena baada ya kushonwa kwa kamera. Waliozidi 6, saba kati ya kumi. Siku hizi madaktari wengi huanza kufikiria operesheni ya mfupa hata pointi zikizidi 3.

Ya kamera, inayoitwa pia Bankart, inakwenda hivi. Mgonjwa amelazwa kwa ubavu au ameketishwa nusu, yuko usingizini, na mara nyingi neva za shingoni nazo zimetiwa ganzi ili aamke bila maumivu makali. Kitundu cha kwanza ni cha nyuma, kama sentimita 2 chini na 1 ndani ya kona ya mfupa wa juu ya bega. Hapo hupita kamera. Viwili vya mbele ni vya vyombo. Maji ya chumvi hutiririshwa ndani wakati wote ili kiungo kitanuke na damu isizibe jicho la kamera, ndiyo maana bega huamka limevimba kama andazi na kupungua baada ya siku moja au mbili.

Hatua inayorukwa sana ni ya kubandua. Mdomo ulioshikana na shingo ya kombe lazima uachanishwe kabisa, mpaka nyama ya msuli wa mbele ionekane nyuma yake na mdomo uelee juu wenyewe. Daktari asipofika hapo, anaushona mahali pale pale ulikopotelea. Kisha mfupa wa ukingo unakwaruzwa hadi utoe damu, kwa sababu uzi haukusudiwi kushika milele. Kinachoshika ni kovu linaloota kati ya mfupa na mdomo. Nanga, yaani vigingi vidogo vyenye nyuzi, za unene wa milimita 3 hivi hupigiliwa ukingoni, juu ya uso wa kisahani na si shingoni mwake, nyuzi zake zikapitishwa kwenye mdomo na kifuko cha kiungo, vikavutwa juu na kufungwa. Ukiwaza kisahani kama saa ya ukutani, kwa bega la kushoto nanga hukaa kati ya namba 6 na namba 9. Ziwe tatu kwa uchache, nne ni bora. Nanga mbili ni kubana matumizi mahali pasipofaa.

Ya pili inaitwa Latarjet, kwa jina la Michel Latarjet wa Lyon, Ufaransa, aliyeieleza mwaka 1954. Mbele ya bega, chini kidogo ya mtulinga, kuna mfupa uliopinda kama kidole. Ubonyeze wako utausikia. Unaitwa korakoidi. Daktari hupasua sentimita 5 hivi kuanzia ncha yake kwenda chini, akakata kipande cha sentimita 2 hadi 2.5 kikiwa bado na kano za misuli inayoning'inia. Msuli wa mbele wa kombe haukatwi. Hupasuliwa katikati ya nyuzi zake, theluthi mbili zikibaki juu na moja chini, kama unavyotenganisha mapazia. Kipande hupitishwa hapo, kikalazwa kwenye ukingo uliolika na kufungwa kwa skrubu mbili za milimita 4 au 4.5. Faida yake si mfupa tu. Zile kano sasa zinapita mbele ya kiungo kama mkanda, na mkono unapoinuliwa na kugeuzwa nje mkanda unakaza.

Ni operesheni inayosamehe bega bovu lakini haimsamehi daktari mzembe. Kipande kikitokeza nje ya kisahani hata milimita chache, kinakwaruza kichwa cha mfupa na kiungo huchakaa mapema. Kikizama ndani sana, bega hutoka tena. Skrubu zikikazwa kwa nguvu zote kipande hupasuka, ndiyo maana bisibisi hushikwa kwa vidole viwili tu. Neva inayokunja kiwiko huingia kwenye misuli ile ile inayoning'inia, sentimita chache chini ya ncha, na ikivutwa mkono hulegea kwa wiki au miezi. Kipande kinaweza kukataa kuunga, hasa kwa mvutaji sigara. Kama kijana huvuta, hata kwa kujificha, mwambie daktari.

Basi turudi kwenye mfupa. Sehemu ya chini ya kisahani cha mtu mzima ina upana wa milimita 25 hivi, kwa hiyo kila milimita inayolika ni karibu asilimia 4. Upungufu ukiwa chini ya asilimia 13 hivi, kushona kunawatosha wengi. Kuanzia 20 kwenda juu, kushona peke yake ni kutafuta lawama. Katikati ndipo madaktari wanapobishana, na ndipo huenda madaktari wako wawili walipoachana. Burkhart na De Beer walichapisha mwaka 2000 matokeo ya wagonjwa 194 walioshonwa kwa kamera, zaidi ya nusu wakiwa wa michezo ya kugongana, wengi wao wachezaji wa raga wa Afrika Kusini. Ambao mfupa wao ulikuwa mzima, asilimia 4 walirudi na tatizo. Ambao mfupa ulikuwa umelika sana, asilimia 67.

Ikiwa kisahani ni kizima lakini bonde la nyuma ni kubwa, kuna njia ya tatu iitwayo kwa Kifaransa remplissage, yaani kujaza: kano ya msuli wa nyuma hushonwa ndani ya bonde kwa nanga moja au mbili ili lisinase tena ukingoni. Mkono hupoteza kiasi kidogo cha kugeuka nje. Kwa mchezaji wa raga si kitu. Kwa mrusha mkuki ni jambo la kufikiriwa.

Maoni yetu: kwa kijana wa miaka 19 anayetaka kurudi kwenye takolo, CT (picha ya mfupa ya kompyuta) ikionyesha ukingo umepoteza asilimia 15 au zaidi, tungeegemea Latarjet. Ikiwa mfupa ni mzima, ashonwe kwa kamera kwa nanga nne, na bonde la nyuma lijazwe ikihitajika. Kovu dogo lisiwe sababu ya kuchagua. Hakuna anayekaguliwa kovu uwanjani.

SWALI: Mimi ni karani, South B. Nimepigwa eksirei nikaambiwa bega liko sawa, lakini daktari mwingine anataka CT na MRI juu yake. Ni pesa nyingi. Ni lazima zote?

Eksirei iliyopigwa bega likiwa limesharudi huonyesha tu kwamba limerudi. Lakini usiitupe. Eksirei nzuri ina picha tatu: ya mbele, ya mbele mkono ukiwa umegeuzwa nje, na ya kupitia kwapani. Wengi hupewa moja.

CT inaona mfupa, MRI inaona mdomo, kano na misuli. Ikiwa bega limetoka mara nyingi na mfuko unaruhusu moja tu, tungekwambia CT, kwa sababu tunajua tayari kwamba mdomo umebanduka. Tusichojua ni ukingo umebaki kiasi gani. Omba ipigwe mabega yote mawili na ijengwe kwa umbo la pande tatu, kichwa cha mfupa kikiwa kimeondolewa kwenye picha ili kisahani kionekane uso kwa uso. Daktari huchora duara kwenye nusu ya chini ya kisahani kizima, akaliweka juu ya kile kibovu, na pengo linaloonekana ndilo asilimia tunayoizungumzia. Kama umezidi miaka 40, au bega limetoka mara moja tu, MRI itangulie. Dai CD ya picha zenyewe. Ripoti ya karatasi inayosema "kuna upungufu kidogo wa mfupa" haimsaidii mtu kupima milimita.

SWALI: Ndugu yangu ana kifafa. Kila akianguka bega linatoka, na hospitali moja imekataa kumpasua. Wanambagua?

Kukataa moja kwa moja si sawa, lakini kuahirisha kunaweza kuwa ni hekima. Degedege hukaza misuli ya bega kwa nguvu ambayo hakuna uzi wala skrubu iliyotengenezwa kuistahimili. Akipasuliwa leo na kuanguka wiki ijayo, nanga zitang'oka na kipande kitavunjika, na operesheni ya pili huwa ngumu kuliko ya kwanza. Kwanza aonwe na daktari wa kifafa na dawa zipangwe upya. Sababu ya kawaida kabisa ni dozi zinazorukwa zikiisha kabla ya mwisho wa mwezi. Madaktari wengi hutaka akae miezi kadhaa bila kuanguka ndipo wapange tarehe. Zamu yake ikifika, mara nyingi ni mfupa utakaohitajika, kwa kuwa mabega ya kifafa hulika vibaya.

Jambo moja zaidi: kifafa, sawa na kupigwa na umeme, kinaweza kulitoa bega kwa nyuma. Hilo husahaulika mno. Mkono hukwama umegeukia tumboni, haugeuki nje hata kidogo, na eksirei ya mbele peke yake huweza kuonekana kama haina kasoro. Mkiona hivyo, ombeni picha ya kwapani.

SWALI: Binti yangu wa miaka 15 anaweza kutoa mabega yote mawili akitaka, bila maumivu, na kuwaonyesha wenzake shuleni. Apasuliwe?

Hapana, mama. Mwambie kwanza aache maonyesho. Jaribu hivi: kidole gumba chake kinafika kwenye mkono wa chini akikikunja? Viwiko na magoti hupinda kinyumenyume? Akiinama magoti yakiwa yamenyooka, viganja hulala sakafuni? Kama ndiyo kwa mengi, amezaliwa na kano zinazovutika, na kano hizo zikishonwa hulegea tena. Dawa yake ni fiziotherapia ya miezi 3 hadi 6, ikianzia kwenye misuli inayoshika kombe la bega mgongoni kabla ya mkono wenyewe.

SWALI: Nashona nguo Gikomba. Nimepangiwa upasuaji wa bega la kulia. Nitaishije hizo wiki? Nitaoga vipi, nitalala vipi, nitarudi lini kwa cherehani? (Anajibu mtaalamu wa fiziotherapia.)

Dada, uliza hospitalini ni operesheni gani, maana kalenda zinatofautiana. Ukishonwa kwa kamera, slingi ni wiki 4 hadi 6. Ukifanyiwa Latarjet, kwa kawaida ni wiki 2 hadi 4, kwa sababu mfupa na skrubu vinashika mapema kuliko kovu. Kabla ya siku yenyewe, jizoeze kula, kupiga mswaki na kutumia choo kwa mkono wa kushoto. Nunua blauzi tatu zinazofunguka mbele.

Kuvaa ni hivi: mkono uliopasuliwa unaingia wa kwanza. Inama kidogo mbele uache uning'inie kama mkonga wa ndovu, uvishe kwa mkono mwingine, ndipo uingize ule mzima. Kuvua ni kinyume: mzima wa kwanza, mgonjwa wa mwisho. Kuoga kwapa ni mkao huo huo wa kuinama. Usiunyanyue mkono pembeni kutafuta kwapa. Kidonda kikae kikavu mpaka nyuzi zitolewe, siku 10 hadi 14. Kulala ni chali, mto mdogo chini ya kiwiko ili kisizame nyuma ya mwili. Wiki ya kwanza wengi hulala wameketi nusu, na hakuna ubaya.

Tangu siku ya kwanza fungua na ufumbe kiganja, kunja na unyooshe kiwiko, mara 10, mara nne kwa siku. Baada ya Latarjet usikunje kiwiko kwa nguvu wala kubeba ndoo kwa wiki 6, kwa sababu misuli ya kiwiko inavuta kile kipande kilichofungwa. Kuugeuza mkono nje ndicho tunachokichunga kuliko vyote. Kiwiko kikiwa ubavuni, wiki 6 za kwanza usipite digrii 30, au kiasi alichokuandikia daktari. Mkao wa makanga aliyening'inia mlangoni, mkono juu na nyuma, usahau kwa miezi mitatu. Kwenye matatu kaa upande ambao bega bovu linaelekea dirishani, watu wasilisukume, na ushikilie kiti cha mbele kwa mkono mzima.

Cherehani: kukata uzi na kushona vifungo mapajani, wiki ya 3 hivi, mkono ukiwa kwenye slingi na kiganja tu ndicho kinachofanya kazi. Cherehani ya umeme, wiki ya 6 hadi 8. Pasi nzito na kubeba majora, baada ya miezi mitatu. Mazoezi ya nguvu kwa mpira wa kuvuta huanza karibu wiki ya 12, na wanaorudi michezo ya kugongana husubiri miezi 6, wa Latarjet pengine 4 hivi picha ikionyesha mfupa umeunga.

Kosa tunaloliona zaidi huja wiki ya 5. Maumivu yameisha, mtu anajiona amepona, anavuta gunia. Kovu wakati huo ni laini kama ugali ambao haujaiva. Kosa la pili ni kinyume chake: mwoga anakaa na slingi miezi mitatu, bega linaganda, na tunatumia miezi sita kulilegeza. Joto kali, usaha, homa, au maumivu yanayozidi badala ya kupungua, rudi siku hiyo hiyo. Mabega hushambuliwa na kijidudu cha ngozi ambacho hujificha kwa wiki kadhaa, kwa hiyo usijipe moyo kwamba "kidonda kimefunga".

SWALI: Nyanya yetu, miaka 61, aliteleza bafuni Umoja, bega likatoka. Lilirudishwa. Sasa ni wiki tatu, halijatoka tena, lakini hawezi kuinua mkono hata kujitanda leso. Wanasema ni uzee.

Si uzee. Kwa vijana mdomo hubanduka. Kwa waliopita miaka 40 kinachochanika ni kano za misuli ya kuinua mkono, au neva hugongwa. Mguse juu ya bega pale pa beji: akihisi sawasawa na upande wa pili, shaka kubwa ni kano. Apigwe MRI au altrasaundi wiki hii. Kano iliyochanika hujivuta ndani na msuli wake hugeuka mafuta. Ikishonwa mapema hufika ukingoni, ikicheleweshwa miezi haifiki.

SWALI: Nilishonwa kwa kamera miaka miwili iliyopita, bega limetoka tena. Nimeambiwa nirudie. Nitajuaje sitaibiwa mara ya pili? Na SHA inalipa?

Omba kwanza ripoti ya operesheni ya zamani. Iwe imeandika idadi ya nanga, zilipokaa, na kama bonde la nyuma na upungufu wa mfupa vilipimwa. Usipopata kipimo chochote cha mfupa humo, umeshapata fununu ya kwa nini limetoka. Kurudia kushona bila CT mpya tungekataa.

SHA, bima ya afya ya serikali ya Kenya, ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, na kama ilivyo kwa bima za kampuni, idhini ya awali itafutwe kabla ya kulazwa. Waombe wakuandikie kiasi kitakacholipwa na kiasi utakachotoa mfukoni. Bei uliyotajiwa, uliza kama ina nanga au skrubu ndani yake, na ngapi. Kama ina mipira na vyombo vya kamera vinavyotumika mara moja. Daktari wa usingizi. Na vipindi vya fiziotherapia. Mara nyingi kinachozua ugomvi mlangoni siku ya kutoka ni nanga. Leseni ya daktari unaweza kuitafuta kwenye orodha ya baraza la madaktari, KMPDC, mtandaoni. Huhuishwa kila mwaka na huonyesha utaalamu wake. Muulize hufanya operesheni hizi ngapi kwa mwaka, na hapo mtazame usoni anapojibu.

Halafu muulize hili: akiingiza kamera akakuta mfupa umelika kuliko CT ilivyoonyesha, atafanya nini? Kama anaweza Latarjet, fomu ya idhini iandikwe operesheni zote mbili na skrubu ziwepo chumbani siku hiyo. Kama haifanyi, akuelekeze kwa anayeifanya sasa, kabla hujalipa malipo ya awali.